Mbegha, Mwindaji Aliyekuwa Baba wa Wakilindi

Mwezi wa Novemba tuliamka asubuhi moja tukakuta shamba letu la mihogo limefukuliwa kana kwamba limepitiwa na trekta. Nguruwe mwitu walikuwa wameingia usiku, wakala walichotaka, na walichoshindwa kula wakakiacha kimelala juu ya udongo. Jirani yetu mmoja, mzee mwenye asili ya Bumbuli, alisimama ukingoni mwa shamba akatikisa kichwa, akasema kwamba nchi hii yahitaji Mbegha mwingine. Vijana waliokuwa nasi hawakujua anamtaja nani. Mmoja alidhani mzee asema habari za yule mnyama mbega wa msituni, mwenye manyoya meusi na meupe. Tuliona haya kidogo, maana sisi tumefundisha historia miaka mingi, na vijana wale wamekulia hapa hapa. Basi tukaazimia kumwandika mtu huyu katika gazeti letu, kwa kadiri tunavyomjua.

Habari zake zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni masimulizi ya wazee wa milimani, na hayo hayafanani kila mahali. Ya pili ni kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, Mwislamu mwenye elimu aliyeishi miaka mingi kati ya Wakilindi na kuzijua siri zao nyingi. Kitabu hicho kilipigwa chapa Msalabani, Magila, katika mtambo wa misheni yetu, sehemu ya kwanza mwaka 1895 na ya mwisho mwaka 1907. Kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Sisi tulikisoma chuoni tulipokuwa tukijifunza ualimu. Nakala ilikuwa moja tu, nasi tulikuwa tukipokezana, kila mtu siku mbili, na aliyechelewa kuirudisha alisikia maneno. Wako pia wataalamu wa siku za karibu, kama Mmarekani Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee wa Usambara na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974. Yeye aonya kwamba hadithi ya Mbegha imepambwa na waliokuja nyuma, na kwamba si kila jambo ndani yake lichukuliwe kama taarifa ya karani. Twakubali. Hata hivyo mtu alikuwapo, na ukoo wake ulitawala Usambara tangu karne ya 18.

Mbegha alizaliwa Nguu, katika milima iliyo kusini ya mto Ruvu, nchi ambayo leo imo katika wilaya ya Kilindi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa, ila wenye kukadiria humweka katika nusu ya kwanza ya karne hiyo ya 18. Alizaliwa katika nyumba yenye mali na heshima. Lakini alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kabla ya meno ya chini.

Wasomaji wazee wajua uzito wa neno hilo. Zamani, katika makabila mengi ya nchi yetu, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa ni mkosi kwa ukoo mzima; iliaminiwa kwamba akiachwa akue, ndugu zake watakufa mmoja mmoja. Wengi wao hawakuachwa wakue. Mbegha aliachwa. Wasimulizi husema wazazi wake walimpenda mno, tena walikuwa watu wakubwa, hakuna aliyethubutu kuwaingilia. Basi akakua, lakini lile neno lilikua pamoja naye.

Tusidhani kwamba mambo haya yaliishia huko Nguu. Tulipokuwa walimu vijana katika shule moja ya kijijini, mama mmoja alitujia jioni amembeba mtoto wa miezi saba, amemfunika khanga mpaka kinywani. Alipoifunua tukaona vijino viwili vya juu. Mama mkwe wake alikuwa amemkataza kuingia na mtoto yule katika nyumba kubwa. Tulikwenda kumwamkia bibi yule usiku ule ule. Hatukubishana naye, maana kubishana na bibi wa watu si adabu, wala hakuleti faida. Tulimsimulia habari ya Mbegha tu. Kumbe aliijua kuliko sisi. Alitusahihisha mahali pawili. Tulipomaliza hakusema neno, nasi tukaaga. Siku ya tatu tulimwona njiani aenda kisimani, na mtoto yumo mgongoni mwake.

Turudi kwa Mbegha. Wazazi wake walipokufa, alibaki hana ngao. Kisha akafa ndugu yake, na jamaa wakakutana kugawana urithi kama ilivyo desturi. Yeye alikaa nao akingoja fungu lake. Hakupewa kitu. Akaambiwa kwamba mtu kama yeye hana haki katika mali ya ukoo, na ya kwamba vifo vile vyote vimetokana naye. Wasomaji waliowahi kukaa katika kikao cha mirathi wajua kwamba sababu hutafutwa baada ya tamaa kwisha kuamua. Sisi tumeviona vikao hivyo, hata vya Wakristo.

Wakati huo Mbegha alikuwa kijana mwenye nguvu, naye alikuwa amekwisha kuchagua kazi yake. Kazi yake ilikuwa porini. Alikuwa na mikuki, na mbwa wengi wa kuwindia, na mmoja wao, aliyekuwa mkubwa, wasimulizi wamtaja mpaka jina lake: Chamfumu. Jina la mbwa limedumu zaidi ya miaka mia mbili, wakati majina ya jamaa walionyima urithi hatuyasikii sana. Kitabu chataja pia dawa zake za kuwindia, na watu wengi walimwogopa kwa ajili ya dawa hizo. Sisi twaona kwamba mtu anayeamka kabla ya jogoo, akajua upepo unavuma toka wapi, na akawalisha mbwa wake kabla hajala yeye, hahitaji dawa nyingi.

Aliondoka kwao akaenda Kilindi. Huko alipokewa vizuri, maana nguruwe walikuwa wakiwaharibia watu mashamba, na yeye aliwaua. Mwana wa mtawala wa Kilindi akampenda sana, wakachanjana wakawa ndugu wa damu. Yule kijana alitaka kufuatana naye porini. Alikuwa mwana wa mkubwa, hakuzoea miiba wala umande, lakini alitaka, na Mbegha hakuweza kumkatalia ndugu yake.

Aliyewahi kuona uwindaji wa nguruwe ajua hatari yake. Nguruwe akikurupushwa na mbwa hukimbia, na watu hudhani ameshindwa. Lakini akichomwa mkuki asife, au akizuiwa njia, hugeuka, na machonge yake hupasua mguu wa mtu kama kisu. Kumkimbia hakufai, maana yeye ana mbio zaidi. Siku moja nguruwe aligeuka hivyo, akamwendea mwana wa mtawala, akamwua.

Mbegha alisimama na maiti ya rafiki yake mbele yake. Angeweza kurudi kijijini akaeleza. Lakini nani angemsadiki kigego? Yeye aliyekwisha kuitwa mwuaji wa ndugu zake bila kuwagusa, sasa ndugu yake wa damu amekufa kweli, tena akiwa chini ya ulinzi wake. Akaondoka na wenzake wachache waliokuwa pamoja naye katika uwindaji, na mbwa wao, wakaukimbilia upande wa mto Ruvu, wakavuka. Baadhi ya wanafunzi wetu walikuwa wakiuliza kama alifanya vema kukimbia. Tulikuwa tukiwaachia wabishane. Sisi wenyewe twafikiri ya kuwa kule kutorudi kwa yule baba aliyefiwa kulimwandama maisha yake yote, ingawa kitabu hakisemi hivyo.

Jina la Kilindi alilichukua pamoja naye. Uzao wake wote uliitwa Wakilindi, kwa jina la mahali alipotoka mbio usiku.

Sasa twafika kwenye sehemu ambayo sisi huipenda kuliko zote, yaani maisha yake ya msituni. Yeye na wenzake walikaa nyikani na katika mapango ya mabonde ya Usambara, hawana mke wala jiko la maana. Walilala penye majani. Asubuhi waliwafuata wanyama, jioni wakakausha nyama juu ya moto. Walihamahama. Mtu mwingine angehesabu miaka hiyo kuwa ya taabu tu, lakini wasimulizi wote huieleza kwa namna inayoonyesha kwamba Mbegha alikuwa mtu wa nje hasa, aliyestarehe chini ya mti kuliko ndani ya nyumba. Hata alipokuwa mtawala mkubwa, hawakuacha kumwita mwindaji.

Upungufu wao ulikuwa mmoja: walikuwa na nyama tele, lakini hawakuwa na chakula cha shamba. Na juu ya milima walikuwako Washambaa, wakulima hodari, wenye migomba kila bonde, ambao chakula walikuwa nacho lakini kitoweo kiliwapungukia. Tena usiku nguruwe walipanda kutoka msituni wakala jasho lao. Walilala madunguni wakipiga kelele na kugonga vibao, na kulipokucha walikuta hasara. Msomaji aweza kuona mwenyewe jinsi watu hawa wawili walivyohitajiana.

Yasemekana watu wa Ziai, mpakani mwa Usambara, ndio waliomwona kwanza. Waliona moshi. Wakashuka kwa hofu kutazama ni nani, wakakuta watu wenye mbwa na mafungu ya nyama. Mbegha hakuwauliza wana nini. Aliwagawia kwanza. Walirudi kwao wamebeba nyama, na siku ya pili wakaja na ndizi na mboga. Habari zikatangulia mbele yake kutoka kilima hata kilima, na watu wa Bumbuli wakamkaribisha, akakaa kwao, akawasafishia mashamba, akagawa nyama kama kawaida yake.

Hapa twaomba tutue kidogo, maana wengi huipita sehemu hii mbio ili wafike kwenye simba na ufalme. Fikirini kazi iliyokuwapo. Kumwua nguruwe mmoja kulihitaji siku nzima, mara nyingine mbili, kupanda na kushuka katika milima ile ambayo sisi, hata tulipokuwa na miguu ya ujana, ilitutoa pumzi kutoka Mombo mpaka Vuga. Kisha nyama ichukuliwe mabegani mpaka mahali pa watu. Kisha igawiwe, na mgawaji wa nyama ajulikana kwa kile anachojiwekea mwenyewe. Mtu huyu alikuwa amenyimwa fungu lake kwao. Angeweza kujifunza uchoyo, maana aliufundishwa na walimu hodari. Badala yake, kila alipofika, alianza na kutoa. Hakuja na jeshi. Silaha alizokuwa nazo zilikuwa za kuwindia. Usambara ilimpokea kwa ajili ya mgongo wake uliobeba na mkono wake uliogawa.

Tena aliamua kesi. Washambaa wakati ule hawakuwa na mtawala mmoja. Kila ukoo ulikuwa na mzee wake, na koo zikigombana hapakuwa na wa kuzipatanisha. Mgeni asiye na ukoo hana upande. Wakaanza kumletea magomvi yao, naye akayasikiliza, na walioshindwa hawakuweza kusema amempendelea mjomba wake.

Mzee mmoja wa Vuga, aitwaye Turi, aliposikia habari hizi alikwenda na wenzake kumwomba aje kwao. Mbegha akakubali. Ndipo inapokuja habari ya simba. Wengine husema ilikuwa njiani, wengine husema ni usiku alipokuwa amekwisha kufika Vuga. Sisi tuliwahi kuwa na wanafunzi wawili darasani, mmoja wa Vuga na mmoja wa Bumbuli, ambao karibu washikane mashati kwa jambo hili, maana kila mmoja aliwasikia babu zake. Lakini wote hukubaliana kwamba simba alikuja usiku, watu wakaingiwa na hofu, na Mbegha akatoka nje akamwua. Asubuhi watu wakamkuta simba amelala. Ngozi ikachunwa, akatandikiwa. Tangu siku ile watawala wa Usambara huitwa Simba, na Simba Mwene ndilo jina la heshima waliloitwa waliokalia kiti cha Vuga. Yule aliyekuja kwa kuua nguruwe akatawala kwa jina la simba.

Habari za utawala wake hatuwezi kuzieleza zote. Afadhali tueleze habari za nyumba yake, maana hapo ndipo alipotofautiana na wengi.

Alioa wake wengi. Hatumwandiki ili afuatwe kwa hilo. Sheria ya ndoa katika Kanisa letu yajulikana, na padre wetu asidhani tumeisahau. Lakini tazameni alivyofanya. Alioa katika sehemu mbalimbali za nchi, katika koo za wenyeji, na watoto waliozaliwa hakuwarundika wote Vuga. Mtoto alipokua aliweza kurudishwa nchi ya mama yake, akawa mkubwa huko, kati ya wajomba zake. Wajomba walimtii kwa kuwa ni mwana wa Simba, tena walimpenda kwa kuwa ni damu yao. Naye hakuweza kuwaonea sana, maana aliowaonea walikuwa ndugu za mama yake, waliomlea. Hivyo nchi nzima ikafungwa pamoja kwa kamba za ujomba. Mtu asiyekuwa na jamaa hata mmoja alipovuka Ruvu akawa na jamaa katika kila bonde.

Mwanawe Buge, aliyekuwa mrithi, aliwekwa Bumbuli. Ikawa desturi tangu hapo kwamba anayetazamiwa kushika kiti cha Vuga hutawala kwanza Bumbuli. Twaona kwamba ilikuwa shule nzuri. Kijana alijifunza kusikiliza magomvi ya watu wadogo kabla ya kupewa makubwa, tena alijifunza mbali na macho ya baba, mahali ambapo makosa yake yangeonekana kuwa yake mwenyewe. Baba alibaki Vuga; akimwita huja, na asipomwita huendelea na kazi. Wako wazazi wengi kati yetu ambao mpaka leo hawataki kumwachia mtoto mtu mzima hata ufunguo wa ghala.

Hatimaye Mbegha akaugua. Ugonjwa wake ulifichwa. Wazee wachache tu ndio walioingia kwake, na nje watu waliambiwa kila siku kwamba mambo ni salama. Alipokufa, kifo nacho kikafichwa. Buge akaitwa kutoka Bumbuli usiku, akaletwa Vuga kimya kimya, na Mbegha akazikwa gizani kwa desturi zao, akiwa amevikwa ngozi ya ng'ombe mweusi. Kulipokucha ndipo ngoma ilipopigwa, na watu wakasikia mambo mawili kwa mara moja: ya kwamba Simba amekwenda, na ya kwamba Simba yupo. Wazee walifanya hivyo ili pasiwe na hata siku moja ya nchi isiyo na mtu. Waliogopa kile ambacho Mbegha mwenyewe alikijua vema, yaani jamaa wanaokutana kugawana kitu cha marehemu.

Na hofu yao haikuwa bure. Buge hakuishi muda mrefu katika kiti. Mwanawe Kinyashi akatawala, akafa vitani. Kisha akaja Kimweri ye Nyumbai, mwana wa Kinyashi, ambaye chini yake utawala wa Wakilindi ulitoka milimani ukashuka mpaka pwani yetu. Mjerumani Krapf alifika kwake Vuga mwaka 1848, na tena mwaka 1852. Kimweri aliishi kuwa mzee sana, na kwa desturi ile ile ya Mbegha aliwaweka wanawe kila mahali. Lakini alipokufa mwaka 1862, zile kamba zilikatika. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde chini ya milima, katika njia ya misafara, alikuwa amepata bunduki, naye akapigana na mwana wa ndugu yake aliyekalia kiti cha Vuga, mpaka akamfukuza. Ndugu wakauzana utumwani, na wenyeji waliokuwa wakiwatii Wakilindi kama wajomba wakaonewa kama maadui. Bonde ikaasi karibu na mwaka 1869, na Wakilindi wengi waliokuwa wakitawala huku wakauawa au wakakimbia. Babu zetu walikuwamo katika uasi huo. Hatuwezi kuandika habari za Wakilindi kama kwamba sisi tulikuwa mbali. Katika ukoo wetu lilikuwako neno baya la kumwitia mtoto mwenye kujitukuza, na neno lenyewe lilikuwa ni Mkilindi. Mama yetu alilitumia. Tulikuwa watu wazima kabla ya kujua kwamba mwanzo wa jina hilo ni mtu aliyegawa nyama.

Wajerumani walipokuja wakakuta nyumba iliyogawanyika, na haikuwachukua muda mrefu. Cheo kikaendelea kuwapo kwa namna mbalimbali mpaka utawala wa machifu ulipofutwa nchini mwaka 1963.

Liko jambo moja zaidi, nalo latuhusu sisi wa Kanisa hili. Mwaka 1867 Padre Alington wa misheni yetu alitoka Unguja akavuka kuja bara, akitafuta mahali pa kuanzia kazi. Hakuweza kujenga tu alipopenda. Ilimbidi apande mpaka Vuga kuomba ruhusa kwa mtawala wa uzao wa Mbegha, naye alikuwa mgeni asiye na jamaa katika nchi ile, kama Mbegha alivyokuwa. Akapewa ruhusa, na mahali palikuwa Magila. Hapo ndipo misheni yetu ilipoanzia katika nchi ya Bonde, pakaitwa Msalabani, pakajengwa kanisa na shule, na baadaye ukaja mtambo wa chapa. Na hapo, yapata miaka thelathini baada ya safari ile ya Alington, habari za kigego wa Nguu zilipangwa herufi kwa herufi, zikatoka mtamboni na wino bado mbichi.